Shangazi yuko levo ya 1,412: je, yeye si mchezaji wa gemu?

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Naleta mbele yenu ubishi ulioanzia dukani kwa shangazi yangu, Ngamiani, Tanga, ambao hadi leo haujapata mwamuzi. Shangazi anauza khanga na vitenge. Mchana, jua linapokuwa kali na wateja wamejifungia ndani, yeye husogeza kigoda chini ya feni, huvaa miwani, hufungua simu yake yenye ufa uliokatiza kioo kutoka pembe hadi pembe, na kuanza kucheza Candy Crush Saga, ile gemu ya kupanga peremende za rangi moja ili zipasuke. Siku hiyo mdogo wangu, ambaye yuko likizo na ambaye ana PlayStation anayoikeshea bila kuona haya, alimchungulia begani kisha akasema, “Shangazi, hiyo si gemu, hiyo ni ya kupotezea muda tu.” Shangazi hakuinua uso. Alisogeza kidole, peremende nne zikapasuka, akamjibu, “Na ule mpira wako wa kwenye runinga, baba, umeshatuletea kombe gani hapa nyumbani?”

Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona ni afadhali nimtazame anavyocheza kuliko kukata kesi nisiyoijua. Alikuwa amebakiwa na mara sita za kusogeza. Kwenye kona ya chini alikuwa na peremende yenye mistari ambayo angeweza kuipasua wakati wowote, lakini aliizunguka kama mtu anayemkwepa mdai. Nilipomuuliza kwa nini haitumii, aliniambia kwamba anasubiri ile iliyofungwa kwenye karatasi ishuke ikae ubavuni mwake, kwa sababu zikikutana hizo mbili hufagia safu tatu za kulala na tatu za kusimama kwa mpigo mmoja. Alitumia mara tatu kupasua peremende ambazo hazikuwa na faida yoyote, ili tu ile iliyofungwa ipate njia ya kushuka. Ikashuka. Akazigonganisha, ubao ukafagiliwa, levo ikaisha akiwa bado na mara mbili mkononi. Sasa nauliza: mtu anayekubali kupoteza tatu kwa makusudi ili apate moja, huku akijua hesabu ya alichobakiwa nacho, anafanya nini kama hachezi?

Mdogo wangu anasema gemu ya kweli ina pedi, kile kishikio chenye vitufe, ina picha nzito, na humtaka mchezaji ajifunze kwa miezi. Nimelipima jibu lake kwa historia ya gemu zenyewe, nikaona kwamba halisimami. Pong ya mwaka 1972 ilikuwa vijiti viwili na kidoa cheupe. Tetris ilitengenezwa Moscow mwaka 1984 na Alexey Pajitnov kwenye kompyuta ya Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuchora picha, kwa hiyo vile vipande vinavyodondoka viliundwa kwa alama za mabano; na miaka mitano baadaye Nintendo, kampuni ambayo hakuna anayethubutu kuitoa katika ukoo wa gemu, iliitia gemu hiyohiyo ndani ya boksi la Game Boy ilipokuwa ikiliuza Marekani. Pac-Man ya mwaka 1980 ilibuniwa na Toru Iwatani kwa nia ya wazi ya kuwavuta wanawake na wapenzi waingie kwenye kumbi zilizokuwa zimejaa wanaume wanaotungua vyombo vya anga, na ndiyo maana aliacha mambo ya risasi akaanza na kitendo cha kula. Hao ndio tunaowaita leo mababu wa gemu. Zilikuwa nyepesi, mtu alizielewa kwa nusu dakika, na mojawapo ilitengenezwa hasa kwa ajili ya watu kama shangazi yangu.

Halafu kuna nyoka. Wengi wenu mlikutana naye kwenye Nokia, na pengine mnajua kwamba Taneli Armanto wa Finland ndiye aliyemwingiza kwenye Nokia 6110 mwaka 1997. Lakini wazo la mstari unaorefuka na usioruhusiwa kujigonga lilikuwapo tangu mwaka 1976 kwenye Blockade, mashine ya kutumbukiza sarafu iliyotengenezwa na kampuni ya Gremlin. Kwa hiyo nyoka alizaliwa ukumbini, akahamia mfukoni baada ya miaka 21, na kanuni yake kuu, ya kutojigonga, haikubadilika. Tukisema simu huiondolea gemu hadhi yake, itatubidi tuoneshe ni wapi njiani nyoka huyu alipovuliwa uraia.

Solitaire siigusi sana, maana hiyo kila aliyewahi kuajiriwa ofisini anaifahamu kuliko inavyofaa. Ilikuja na Windows 3.0 mwaka 1990, ikawazoesha watu kuburuta vitu kwa kipanya, na sijawahi kusikia mtu akiulizwa kama zile zilikuwa karata za kweli.

Msimamo wangu wa kuanzia, basi, ni kwamba gemu nyepesi ni gemu. Mwenye hoja ya kupinga aje nayo, ila namwomba asije na ukubwa wa faili.

Pedi Mbili

Mkuu, nimekusoma hadi mwisho na shangazi yako namheshimu, lakini umechagua mashahidi wanaokufaa wewe. Tetris na Pac-Man hazikumwambia mtu asubiri nusu saa ndipo acheze tena. Candy Crush hukupa maisha matano. Ukishindwa levo yanapungua kwa moja, na kila moja huchukua dakika 30 kurudi, isipokuwa ukilipa au ukiwapigia magoti jamaa zako mtandaoni wakutumie. Huo si ugumu wa gemu, huo ni mlango wa duka uliopakwa rangi ya gemu. Mimi naita gemu ya kweli ile ambayo aliyeibuni anataka nicheze. Hii nyingine, aliyeibuni anataka nisubiri, nichoke kusubiri, kisha nitoe pesa. Mwaka 2015 Activision Blizzard ilitangaza kuinunua King, wenye hiyo Candy Crush, kwa dola bilioni 5.9 za Marekani, na siamini kwamba mtu hutoa fedha za aina hiyo kwa sababu ya uzuri wa peremende. Kilichonunuliwa ni zile dakika 30.

Jambo la pili ni la kiasi cha mtu kinachohitajika. Nilipoanza kwenda kwenye banda la gemu nilifungwa wiki nzima na watoto wa darasa la sita, huku nikilipia kila mechi, kabla vidole vyangu havijajua pasi ya kupenyeza inapigwaje bila kuiangalia pedi. Baada ya hapo nilianza kuona uwanja; kabla ya hapo nilikuwa naona vitufe tu. Gemu ya namna hiyo inakutaka ukae, ufunge mlango, na uipe jioni yako. Hii ya simu huchezwa mtu akingoja daladala, na daladala likifika huachwa katikati bila majuto. Kitu kinachokubali kuachwa wakati wowote hakijakuomba chochote, na sioni kitakupa nini.

Kwa hiyo simkatalii shangazi burudani yake. Nakataa tu tusizipange rafu moja, kama ambavyo hatuwezi kumwita mwanariadha kila anayetembea kwenda sokoni.

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Pedi Mbili, la maisha matano nalikubali bila kupepesa macho. Shangazi mwenyewe hukasirika yakiisha, ingawa amegundua kwamba ndio wakati mzuri wa kukunja khanga.

Lakini umejitega kwa mdomo wako uliposema kwamba bandani ulikuwa ukilipia kila mechi. Mashine za ukumbini za miaka ya 1970 na 1980 ziliishi kwa sarafu, na waliozitengeneza walikuwa na kila sababu ya kumuua mchezaji mapema ili atumbukize nyingine. Ule ugumu tunaousifia leo kama adabu ya gemu za zamani, sehemu yake ilikuwa biashara tupu. Na hizo gemu za mpira za konsoli, ambazo mdogo wangu ni muumini wake, zina pakiti za wachezaji zinazonunuliwa kwa pesa halisi bila mnunuzi kujua kilichomo. Mamlaka ya kamari ya Ubelgiji ilitamka mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo yanavunja sheria ya kamari, na mwanzoni mwa mwaka 2019 EA, kampuni iliyokuwa ikitengeneza gemu ya FIFA, ikaacha kuuza nchini humo pointi za FIFA za kununulia pakiti hizo. Kwa hiyo ulafi upo, nami siutetei, ila haukuzaliwa kwenye simu na haukai kwenye simu peke yake.

Kuhusu kuomba na kupewa: Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York, yale yanayoitwa MoMA, yalipoanza kukusanya gemu mwaka 2012 yalichukua 14 kwa mkupuo wa kwanza. Pamoja na Tetris na Pac-Man waliweka Canabalt ya mwaka 2009, ambamo mtu anakimbia mwenyewe juu ya mapaa na kazi pekee ya mchezaji ni kumrusha. Kitufe kimoja. Huchezwa kwa dakika moja au mbili, na kila unapoanguka unajua kabisa kwamba ulichelewa.

Kete Sitini na Nne

Ndugu zangu, hamjambo nyote. Nawasoma kutoka Mombasa, na nimeshangaa kwamba mmefika Moscow na New York bila kupitia barazani.

Kwetu sisi tuliokulia pembeni mwa wazee wa bao, ubishi huu ni wa zamani kuliko umeme. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Lina namua, yaani hatua ya kuingiza kete ubaoni moja moja, lina mtaji, yaani hatua inayofuata kete za mkononi zikiisha, lina nyumba, shimo lenye masharti yake, na mtu anaweza kulicheza miaka kumi na bado asithubutu kumkalia mzee aliyebobea. Kando yake kuna bao la kujifunza, wanalochezeshwa watoto na wageni, ambamo kete hupangwa mbili mbili katika kila shimo na mchezo huanzia kwenye mtaji moja kwa moja, bila ile kazi ngumu ya kunamua. Babu yangu alilitazama bao la kujifunza kwa jicho lilelile ambalo mdogo wako, mleta uzi, aliitazamia simu ya shangazi. Lakini alikuwa akilidharau kwa jina lake. Alisema, “Hilo ni bao la kujifunza.” Hakuwahi kusema, “Hilo si bao.” Mtu anaweza kuupanga mchezo chini ya mwingine bila kuufukuza nyumbani, na naona hapo ndipo vijana wa pedi wanapokosea: wanataka kushusha daraja, lakini wanaishia kufuta jina.

Na kama mnataka simu, basi simu ninayo. Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000, mbali na nyoka, ilikuwa na gemu iliyoitwa Bantumi, nayo ni bao la safu mbili, jepesi mno mbele ya hili letu la safu nne. Mjomba wangu alilicheza akasonya. Kisha akalicheza tena. Siku ya tatu nilimkuta anahesabu mashimo kwa ncha ya kidole, pale kwenye kioo chenye ukubwa wa stempu, na alikuwa hataki kusemeshwa.

Kuna jambo jingine ambalo pengine litawachosha, lakini mimi nalipenda. Kiswahili chenyewe hakikuwa na mpaka huu mnaoupigania. Mchezo ni mpira, mchezo ni karata, mchezo wa kuigiza ni mchezo, na akina mama wanapochangishana fedha kila mwezi na kumpa mmoja wao kwa zamu husemwa wanacheza upatu, na huko Dar es Salaam wapo wanaouita mchezo moja kwa moja. Jaribu kukosa kutoa zamu yako halafu uwaambie ulidhani ni mchezo. Mpaka uliingia pamoja na neno gemu. Neno hilo lilitufikia likiwa limebebwa na mashine na mabanda, likagandana na sura ya kijana wa kiume aliyeinamia pedi, na kwa hiyo tunapoulizana kama anachocheza shangazi ni gemu, nashuku kwamba tunachoulizana hasa ni kama shangazi anafanana na yule kijana.

Fundi wa Kioo

Mimi ni fundi simu Kariakoo, na nitachangia kwa yale yanayopita mezani kwangu.

Mama mmoja wa makamo aliniletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji. Nilimwambia kwamba kuwaka itawaka, lakini siwezi kumwahidi vilivyomo ndani. Hakuniuliza habari za picha, kwa kuwa picha alikuwa ameshawatumia wanawe zote. Aliniuliza kama gemu yake itarudi pale alipoishia. Nilipomuuliza kama alikuwa ameiunganisha na akaunti yoyote, alinitazama kama ninayemuuliza kuhusu hati ya kiwanja. Hakuwa amefanya hivyo. Simu ilipona, gemu ikarudi levo ya kwanza, na yule mama alikaa kwenye benchi langu kimya kwa muda ambao sijui niueleze vipi. Mtu hasikitiki namna ile kwa kitu alichokuwa akipotezea muda.

Pamoja na hayo, naona mnachanganya mambo mawili, gemu za simu na gemu nyepesi. Vijana wanaoniletea simu zenye gigabaiti mbili za RAM wakilalamika kwamba zinachemka, wengi wao wanacheza Free Fire, gemu iliyotoka mwaka 2017 na iliyopendwa huku kwetu kwa sababu inakubali simu za bei ndogo. Hiyo ni gemu ya simu, lakini si nyepesi kwa maana yoyote mnayoitumia hapa. Ina silaha, ina timu, ina mbinu, na ukiachia simu uende kumpokea mgeni unarudi umekufa. Kwenye Michezo ya Asia ya Hangzhou, ile ya mwaka 2022 iliyofanyika 2023, watu walivalishwa medali kwa gemu za simu zikiwamo Arena of Valor na toleo la PUBG Mobile. Kwa hiyo hoja ya kwamba simu si chombo cha gemu imeshazikwa na mataifa yenyewe, na tusiifukue.

Tukibaki kwenye zile nyepesi, bado neno “nyepesi” linadanganya. Flappy Bird ya Dong Nguyen wa Vietnam ilieleweka kwa sekunde tatu: gusa, ndege anapaa, acha, anashuka, usiguse bomba. Nimewaona wanaume wazima, mabingwa wa konsoli, wakishindwa kupita bomba la tano na kutaka kutupa simu niliyokuwa nimetoka kuibadilishia kioo. Mwenyewe aliiondoa sokoni Februari 2014 ikiwa juu kabisa, kwa maelezo kwamba watu walikuwa wameizoea kupita kiasi. Hakuna maisha matano pale, wala pesa ya kununulia uhai; kuna wewe na bomba. Ningependa Pedi Mbili aniambie hiyo anaiweka rafu gani.

Na kutengeneza gemu ndogo si kazi ndogo. Threes, iliyotoka mapema mwaka 2014, ni ubao wa mashimo 16 na namba, lakini watengenezaji wake walisema iliwachukua miezi 14 kuipata ikae sawa. Mwezi uliofuata Gabriele Cirulli, kijana wa Italia, alitoa 2048 aliyoiunda kwa siku chache za mwisho wa wiki, ikafanana nayo, ikawa ya bure, ikaifunika. Aliyewahi kucheza zote mbili kwa makini anajua kwamba 2048 ina njia ya mkato, unabana namba zako kubwa kwenye kona moja na kusukuma pande mbili tatu tu, wakati Threes haikubali ujanja huo kirahisi. Ile miezi 14 iliishia hapo, mahali ambapo macho hayaoni ila kidole kinahisi.

Msomaji Kimya

Sichangii mara nyingi, lakini kuna aina ambayo sijaona mtu akiitetea, nazo ni zile zinazojicheza zenyewe: unafungua asubuhi, unakuta sarafu zimejaa, unazikusanya, unafunga.

Mwaka 2010 Ian Bogost, mwalimu wa chuo kikuu na mbunifu wa gemu wa Marekani, alitengeneza Cow Clicker kwenye Facebook kwa nia ya kuzikejeli gemu za mashamba za wakati ule, FarmVille na wenzake. Unapewa ng'ombe, unambofya mara moja, unasubiri muda wa saa sita, unambofya tena. Hakuna kingine. Watu walikuja kwa maelfu, na wapo walionunua ng'ombe wa rangi nyingine kwa pesa zao. Mwaka uliofuata aliwaondoa ng'ombe wote, pakabaki nafasi tupu zilizobofyeka vilevile, na wapo walioendelea kubofya patupu.

Mleta uzi, hiyo nayo utaipa uraia? Ukisema ndiyo, neno gemu halina tena maana. Ukisema hapana, basi umekubali kwamba mpaka upo, na kilichobaki ni kujua umepita wapi.

Pedi Mbili

Kete, umenipata kwa bao la kujifunza, nami siyo mtu wa kung'ang'ania. Nabadilisha kauli: gemu nyepesi ni gemu, ila ziko chini, na nitaendelea kuzidharau kwa jina lake kama babu yako. Flappy Bird nimeicheza, na sitasema niliishia bomba la ngapi.

Ila namwomba mleta uzi afanye jambo moja la haki. Ampe mdogo wake ile simu ya shangazi.

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Msomaji Kimya, umekuja na swali zito kuliko yote, na nimelala nalo siku mbili. Jibu langu ni hapana. Ng'ombe wa Bogost simpi uraia, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu hapo ndipo nilipoona mpaka wangu unapopita.

Nikishindwa, kosa ni la nani? Kwenye nyoka, nikijigonga mkia, ni mimi niliyerefuka bila kupanga pa kupita. Kwenye Canabalt nilichelewa kuruka. Kwenye bao, la babu au la kujifunza, nilikula vibaya nikaacha kichwa wazi. Palipo na kosa ambalo ningeweza kutolifanya pana mchezo, hata kama unachezwa kwa kidole kimoja kituoni. Kwenye Cow Clicker huwezi kukosea. Unachoweza ni kuchelewa, na kuchelewa si kosa la mchezo bali la saa. Zile zinazojicheza zenyewe ziko vivyo hivyo. Na mashine za kamari za mtaani, ambazo siku hizi zinajipaka rangi za matunda na sauti za gemu, hizo nazo mtu anashindwa bila kukosea, kwa hiyo kwangu ziko nje hata zikiwa na kioo cha inchi arobaini.

Candy Crush imekaa na mguu mmoja huku na mmoja kule, na hapo Pedi Mbili alikuwa na haki kuliko nilivyomkubalia. Peremende zinazodondoka kutoka juu huzipangi wewe. Zipo levo ambazo shangazi amekwama nazo siku nne kisha akapita kwa bahati, na yeye mwenyewe anazijua na huziita “za kupewa”. Nyingine huziita “zangu”. Nilipomuuliza tofauti, alisema ya kupewa hata furaha yake haidumu, unapita kama aliyeokota hela njiani. Sijasoma kwa mtu yeyote maelezo mafupi kuliko hayo.

Sasa ombi lako, Pedi Mbili. Jumamosi nilimpa mdogo wangu ile simu mbele ya mashahidi, nao ni mimi, shangazi, na mteja aliyekuja kununua khanga akasahau kilichomleta. Ilikuwa levo ya 1,419, yenye mara 24 za kusogeza na ubao uliopakwa jeli ambayo yote ilipaswa kuondolewa. Alianza kwa kishindo, akipasua kila alichokiona, zile za juu zaidi ndizo zilimvutia kwa kuwa ndizo zilizokuwa karibu na kidole chake, na kila ilipopatikana yenye mistari aliilipua palepale. Shangazi alikuwa akikunja vitenge, hakusema neno. Mara zikaisha jeli zikiwa zimebaki mbili kwenye kona za chini, mahali ambapo hakuwa ameangalia tangu aanze. Akaomba kurudia. Mara ya pili zilibaki tano. Mara ya tatu aliweka kiwiko juu ya meza, akanyamaza, akaanza kutafuta, na kwa mara ya kwanza niliona ameacha yenye mistari bila kuigusa. Ikabaki moja.

“Lete, baba,” shangazi alisema akinyoosha mkono. “Maisha yamebaki mawili, na hayo ni ya jioni yangu.”

Mdogo wangu ameipakua kwa bando lake mwenyewe na yuko levo ya 31. Juzi usiku alimtumia shangazi ombi la kuongezewa uhai, na hadi naandika hapa hajajibiwa.